Nionyeshe Jani

Niseme mapema: siku mtumba wa tumbaku wa mama mkwe wangu ulipokataliwa sokoni, kosa lilikuwa langu. Nilikuwa nasoma. Majani mapajani, mtoto mgongoni, kijitabu cha sosholojia nimekiegemeza kwenye ndoo mbele yangu. Na mahali fulani katika ukurasa uliosema kwamba dunia sasa imekuwa kijiji kimoja, macho yangu yaliacha kuangalia mikono inafanya nini.

Kwetu Ushetu tumbaku haiuzwi kama mahindi, kwamba unajaza gunia unapeleka. Ikishakauka banini, yaani kibanda cha kukaushia kwa moto, inapangwa jani kwa jani. Ya chini ya mche peke yake, ya kati peke yake, ya juu peke yake. Halafu rangi: ya limau huku, ya chungwa huku, iliyoungua kule. Kila fungu linashindiliwa kwenye kasha mpaka linakuwa mtumba, linashonewa gunia, linasubiri siku ya soko. Kazi hiyo tunaifanya wanawake. Wanaume husema ni kwa sababu tuna vidole vyepesi. Uongo. Ni kwa sababu ni kazi ya kukaa chini kutwa nzima na hakuna anayekusifu.

Mume wangu wakati huo alikuwa Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, na mimi nilikuwa kwa mama yake. Nilikuwa na kidato cha sita, mtoto wa miezi saba, na nafasi katika chuo kikuu kinachofundisha kwa posta. Vijitabu vinakuja Kahama, unasoma nyumbani, unaandika insha, unaituma. Kisha mara moja kwa mwaka mnakusanyika Shinyanga wiki nzima, mwalimu anakuja mnaonana. Nilikuwa na ruhusa ya mwaka mmoja. Nasema ruhusa kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Mama mkwe alisema, "Mwaka mmoja nakubebea kazi yako. Mmoja." Mume wangu aliandika kwa barua kwamba nisipofaulu mwaka huo, asisikie tena habari ya vitabu. Kwa hiyo nilikuwa nasoma popote, hata mahali ambapo sikupaswa kusoma.

Siku ya soko mitumba ilipangwa mstari mbele ya ghala la chama cha ushirika. Mteuzi, yaani yule mtu anayetaja daraja la kila mtumba, alikuja na karatasi yake na kalamu sikioni. Alipofika kwetu aliangalia majani ya juu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Kisha akaingiza mkono ubavuni mwa mtumba mpaka kiwiko, akavuta. Akatoa majani mawili, akayainua juu ili kila mtu aone.

"Mama, hili rangi gani?"

"Limau," alisema mama mkwe.

"Na hili?"

Mama mkwe alilisogelea. "Chungwa."

"Umechanganya. Rudi nao nyumbani."

Mzee mmoja nyuma yetu alicheka. "Kha! Hata yeye? Basi macho yameisha!"

Mkataliwa mwenyewe alikuwa mwanamke ambaye miaka yote mtumba wake haukuwahi kurudishwa. Watu walikuwa wanakuja kwake kuuliza jani hili liende fungu gani. Sasa anacheka mzee ambaye mitumba yake hupangwa na wake zake watatu. Nilitaka kumwambia maneno. Nilitaka pia kusema, ni mimi. Mama mkwe alimtazama mteuzi akasema, "Nimeliona jani. Nimekubali," akageuka kutafuta mkokoteni.

Njiani nilitembea nyuma ya ng'ombe na aibu yangu.

"Mayu, nisamehe." Hivyo ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma.

"Nani amekuuliza?"

"Nilikuwa nasoma."

"Najua ulikuwa unasoma. Mimi ni mzee, si kipofu, hata kama yule mpumbavu anadhani." Tukaenda mwendo mrefu. Kisha akasema, bila kugeuka, "Sikiliza. Mteuzi akikukataa bila kukuonyesha jani, huyo mwizi, pigana naye. Akikuonyesha, funga mdomo, ufungue mtumba."

Tuliufungua siku tatu. Kijitabu alikipandisha juu ya kichanja ambako singekifikia bila kuomba. Tulianza asubuhi na mapema, majani yakiwa bado yamelainika kwa umande, maana jua likipanda yanavunjika kama karatasi. Siku ya kwanza aliniamuru nifumbe macho. "Shika. Hili zito au jepesi? Lina mafuta au kavu?" Nikikosea ananigonga kidoleni kidogo. Siku ya pili nilianza kujua. Siku ya tatu ndipo alipouliza swali lililonipeleka Shinyanga na kunirudisha.

"Yule mteuzi ana karatasi. Hiyo karatasi ya madaraja, aliyeiandika umewahi kumwona?"

"Hapana, mayu."

"Ameshafika hapa?"

"Sidhani. Mteuzi mwenyewe ameletewa tu."

"Na anayeivuta hii tumbaku?"

"Yuko mbali. Ng'ambo huko."

Aligeuza jani mkononi. "Basi kuna mtu huko hajui hata jina langu, na mimi kila asubuhi namwinamia."

Niliomba kijitabu changu siku hiyo. Akanipa, kwa sababu kazi ilikuwa imekwisha na mtumba umeshonwa tena. Uliporudi sokoni ulipita.

Swali la insha lilikuwa: eleza utandawazi kwa kutumia mfano wa jamii unayoijua. Niliandika kurasa kumi na moja. Niliandika mtumba, mteuzi, karatasi isiyo na mwenyewe, mama mkwe na swali lake. Mkono ulikuwa unakwenda wenyewe. Lakini nilipomaliza niliingiwa na woga. Mbona inasomeka kama mtu anaongea? Wasomi hawaanzi hivi. Basi nikachukua kijitabu, nikanakili mbele ukurasa mzima wa maneno marefu, na nyuma ukurasa mwingine wa maneno marefu zaidi, kidogo nikibadilisha hapa na pale. Ikapendeza. Nikapanda lori la mbolea mpaka Kahama, nikaiposti.

Mwezi mmoja baadaye nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda Shinyanga. Basi lilisimama Isaka, na dirishani nikaona makontena yamepangwa kama nyumba zisizo na madirisha, malori yanayasubiri kuyapeleka magharibi, hadi nchi ambazo mimi nimeziona kwenye ramani tu. Nikasema moyoni, kijitabu kingeanzia hapa.

Nilifikia kwa mama yangu mdogo, Ngokolo. Masomo yalikuwa katika darasa la sekondari moja, wanafunzi wake wako likizo. Tulikuwa kama ishirini, wanawake wawili. Mwenzangu alikuwa muuguzi mtu mzima aliyekaa mbele na hakugeuka. Jirani yangu alikuwa karani wa bandari kavu ya Isaka, kijana wa shati jeupe lililopigwa pasi mpaka likakaribia kusimama lenyewe. Alimwangalia mtoto wangu akasema, "Huyu ni mzigo wa kupita tu. Anaruhusiwa kupitishwa, lakini haruhusiwi kufunguliwa."

"Akifunguka utajuta," nilimwambia. "Ana nepi moja."

Mwalimu alitoka Dar es Salaam. Mtu wa makamo, miwani, sauti ya chini inayolazimisha watu wanyamaze. Jumatatu aliuliza tumwonyeshe utandawazi mkoani kwetu. Karani akataja makontena, kila mtu akakubali kwa kichwa. Mwingine akataja nguo za mitumba. Mwingine wageni wanaokuja na ramani kutafuta dhahabu. Mwalimu aliandika yote ubaoni. Kisha akasema:

"Lakini tusidanganyane, haujafika kila mahali. Vijiji vya ndani kabisa, tuseme Ushetu, huko bado." Akaandika "bado" kwenye kona ya ubao.

Nilikuwa nanyonyesha. Niliinua mkono ulio huru.

"Ndiyo, mama."

"Shikamoo mwalimu. Mimi natoka Ushetu."

"Marahaba. Vizuri sana."

"Kwetu hakuna umeme. Zahanati ni jengo na kufuli. Lakini kuna karatasi inayosema jani la tumbaku likiwa na doa linashuka daraja, na aliyeiandika hajawahi kula ugali wetu. Hiyo imefika kabla mimi sijaolewa. Sasa utaniambiaje bado?"

Darasa likacheka. Si kwa ubaya wote.

"Hicho ni kilimo cha biashara, mama, kipo tangu ukoloni. Tunazungumzia jambo jipya."

"Kwa anayeinama si jipya wala si la zamani, mwalimu. Ni mgongo."

Hapo mtoto akaanza kulia, kwa sababu nilikuwa nimejiinua na ziwa likamtoka. Mwalimu alisubiri. Mtoto akazidi. "Labda mama umtoe nje kidogo," alisema, "wenzako wasikose somo."

Wenzangu wasikose. Nilitoka. Kwa hasira nilivaa kandambili kinyume. Lakini sikwenda mbali. Nilizunguka nyuma ya darasa, nikasimama kwenye dirisha lisilo na kioo, nikaweka daftari kwenye kizingiti chake, nikaandika kila neno alilosema. Mtoto alilala. Nilisimama hivyo hivyo mpaka kengele. Jumanne nilirudi kwenye kiti changu; mtoto alipolia nikatoka mwenyewe kabla sijaambiwa, nikasimama dirishani. Karani akawa ananisogezea kijitabu chake kupitia dirishani kila ukurasa ulipobadilika. "Mama Tumbaku," ananong'ona, "ukurasa wa arobaini."

Jumatano alirudisha insha. Yangu ilikuwa na mstari mwekundu umekata ukurasa wa kwanza kona hadi kona, na chini yake maneno mawili: Hapana. Rudia. Niligeuza ukurasa wa pili. Mweupe. Wa tatu, mweupe. Kurasa zote za ndani hazikuwa na hata nukta ya wino. Ukutani kulikuwa na tangazo: insha za kurudia zikabidhiwe Ijumaa saa sita mchana, majina ya wanaoruhusiwa kufanya mtihani yatabandikwa Jumamosi. Nani asiyejua maana yake? Bila insha hakuna mtihani, bila mtihani mwaka umekwenda, na mwaka wangu ulikuwa mmoja.

Ningekubali kama angekuwa ameandika sababu. Nakuapia ningekubali. Lakini maneno mawili! Nilimgeukia karani, nikampa mtoto.

"Nimshikeje?"

"Kama kontena. Usimwangushe."

Mwalimu alikuwa kwenye chumba cha walimu, anakunywa chai na chapati. Nilisimama mlangoni, nikabisha hodi, nikaingia kabla hajasema karibu. Nikaweka insha mezani kando ya kikombe.

"Shikamoo mwalimu. Nionyeshe jani."

"Marahaba. Nikuonyeshe nini?"

"Kwetu mteuzi akikataa mtumba, anaingiza mkono katikati, anavuta jani bovu, anakuonyesha. Ukiliona unanyamaza. Asipokuonyesha ni mwizi. Wewe umenikataa. Nionyeshe."

Alivua miwani. Nilidhani atanifukuza, na nilikuwa tayari kugomea mlangoni. Badala yake alifungua mkoba, akatoa kijitabu, akakilaza kando ya ukurasa wangu wa kwanza. Akaweka kidole kwenye sentensi yangu, kidole kingine kwenye kijitabu.

"Hii na hii."

Zilikuwa moja.

"Na hii na hii."

Moja.

"Kijitabu hiki nilikiandika mimi," alisema. "Nilipoona maneno yangu yananirudia na jina la mtu mwingine, sikuendelea."

Uso uliniwaka mpaka masikioni. Umechanganya. Sauti ya mteuzi ile ile, na safari hii hapakuwa na mama mkwe wa kusema nimekubali kwa niaba yangu. Nikasema mwenyewe.

"Nimeliona. Hapo nimekosa, nisamehe." Kisha, kwa kuwa sikuja kuomba msamaha peke yake, nikasema, "Na ndani?"

"Ndani sijasoma."

"Basi na wewe umekosa, mwalimu. Mteuzi hasomi gunia."

Mwalimu mwingine aliyekuwa dirishani alijifanya anatafuta chaki. Mwalimu wangu alivaa miwani, akageuza ukurasa. Akasoma wa pili. Akasoma wa tatu. Chai ikapoa. Alipofika kwenye maneno ya mama mkwe, yale ya kumwinamia mtu asiyejua jina lako, alirudi nyuma akasoma tena.

Nisiwadanganye kwamba alinipongeza. Alisema, "Hapa kuna kitu. Lakini hakina mifupa. Umeeleza nani anaamua. Hujaeleza kwa nini anaweza kuamua, na kwa nini nyinyi hamuwezi kukataa. Hiyo ndiyo kazi ya somo. Toa maneno yangu yote, weka mawazo yako, na ukichukua kitu kwangu sema umechukua kwangu. Ijumaa saa sita. Sitasubiri dakika."

"Sijaomba usubiri," nilisema.

Nilimkuta karani chini ya ubao wa matangazo, mtoto amemshika tai, shati limelowa kifuani.

"Amefunguka," alisema kwa huzuni.

Alhamisi mama yangu mdogo alitandika mkeka uani, akamchukua mtoto, akaniacha na kazi. Nilitoa pini, nikazitawanya karatasi. Maneno ya mwalimu fungu hili. Yangu fungu hili. Yenye mashaka kule. Nilishangaa fungu la mashaka lilivyokua. Sentensi nilizodhani zimetoka kifuani mwangu zilikuwa zimetoka ukurasa wa kumi na nne. Na kulikuwa na kitu kibaya zaidi: zilikuwepo sentensi zangu kabisa ambazo zilikuwa uongo. Niliandika kwamba tumbaku haijamletea mama mkwe kitu chochote. Alilala chini ya bati lililotokana na tumbaku! Mimi mwenyewe niliolewa chini ya bati hilo. Niliandika vile kwa sababu nilikuwa na hasira na hasira ilitaka kitu cha kula. Nikakata. Nikaandika bati. Nikaandika kwamba ndiyo sababu hatuwezi kukataa: mbegu tunakopeshwa, mbolea tunakopeshwa, mnunuzi ni mmoja, na bati lipo juu yetu kila siku linatukumbusha kwamba mwaka mmoja tumbaku ilikubali. Mtu anayekupa kidogo ni mgumu kumkatalia kuliko asiyekupa kitu. Hilo halikuwa kwenye kijitabu. Nilitafuta mara mbili kuhakikisha.

Kijitabu nilikitumia mara tatu tu, na kila mara nilisema ni chake, ukurasa fulani.

Ijumaa saa tano na nusu nilikabidhi. Jumamosi kila mtu alikuwa kwenye ubao anasukumana. Karani alikuwa mrefu, akanisomea juu ya vichwa vya watu. "Mama Tumbaku, namba yako ipo." Sikuamini, nikapenya mwenyewe kwa viwiko, nikaweka kidole juu yake.

Insha ilikuwa na C. Lakini nilichokitazama si C. Ni wino. Kila ukurasa ulikuwa na wekundu pembeni: hapa fafanua, hapa umeruka, hapa sikubaliani, hapa ndiyo. Kurasa zote tisa, hakuna mweupe. Nimewahi kupewa kanga mbili mpya sikufurahi vile. Jumamosi hiyo hiyo, kabla ya kufunga, alisimama mbele ya darasa akafuta neno "bado" lililokuwa limebaki kwenye kona ya ubao tangu Jumatatu. Hakusema kwa nini. Mimi na karani tuliona, tukatazamana.

Nilipofika Kahama nilimwandikia mume wangu karatasi nusu, nikampa mtu aendaye machimboni. Nilimwambia nimeruhusiwa kufanya mtihani, mtoto ana meno mawili, na kama bado anataka niache masomo aje mwenyewe anionyeshe jani. Najua hakuelewa. Atauliza kwa mama yake.

Mama mkwe nilimkuta kwenye bonde, anasafisha mahali pa kitalu. Alinyoosha mgongo taratibu, mkono kiunoni. Nilimwamkia kwa magoti, akaitikia, akamwangalia mtoto kwanza, kisha mimi.

"Daraja gani?"

"C, mayu. Kama jani la kati."

"La kati ndilo linalojaza mtumba." Alipangusa mikono kwenye kanga. "Walikuonyesha jani?"

"Walinionyesha. Mengi."

"Ukafungua?"

"Nilifungua wote."

Alinyoosha mikono nimpe mtoto. Akamnusa kichwani kama anavyofanya. "Huo mtihani wenyewe lini?"

"Mwezi wa kumi na moja. Wakati wa kuhamisha miche."

Aliangalia bonde, akaangalia mbingu isiyo na wingu lolote, akahesabu kitu kwa vidole vyake kwenye mgongo wa mtoto.

"Basi mwaka huu kitalu tunakiwahisha," alisema. "Chukua jembe."